Kununua mashine ya kukereza vyuma iliyotumika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wanaotaka kuweka mashine ya kukereza vyuma nyumbani huniuliza maswali yaleyale, na wengi huyauliza wakati pesa imeshatoka mfukoni. Nimeyakusanya hapa ili yasomwe kabla. Ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba kitanda (reli ndefu za chuma zinazobeba vyote) na kichwa (kasha la chuma lenye mhimili unaozungusha kazi) ndiyo mashine yenyewe. Vingine hununuliwa, hukerezwa upya au hurekebishwa taratibu. Kitanda kilicholika na kichwa kilichopasuka havina dawa ya nyumbani.

Kwa nini nisinunue mpya ndogo ya mezani?

Ukitaka kukereza shaba na vijipini vya saa, nunua tu. Mashine mpya za mezani huwa na kilo 40 hivi, hazihitaji winchi, na huja na gia zake zote. Lakini ukianza kukata chuma chenye unene wa kidole gumba utaona tofauti. Kisu kinaruka, uso wa kazi (kitu unachokereza) unatoka na mawimbi, nawe unalazimika kukata kidogo kidogo hadi jua linazama. Mashine ya zamani ya kilo 200 au 300 hula mtetemo kwa uzito wake. Chuma cha kusubu kingi chini ya kisu ni kitu ambacho hakuna kifaa cha ziada kinachoweza kukupa baadaye.

Kwa pesa ileile, iliyotumika hukupa chuma kingi zaidi. Unacholipa badala yake ni muda wako wa kuikagua na kuisafisha.

Ukubwa upi unatosha?

Kwanza elewa vipimo vinavyotangazwa, maana hapa watu wengi hupotea. Wamarekani hutaja kipenyo cha kitu kikubwa kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda. Waingereza kwa desturi hutaja kimo kutoka kitandani hadi katikati ya spindeli (mhimili wa kichwa unaozunguka), yaani nusu ya kile cha Wamarekani. Hivyo Myford ML7 ya Kiingereza, inayoitwa ya inchi 3 na nusu, inazungusha inchi 7, na South Bend ya inchi 9 inazungusha kama inchi 9. Mtu asiyejua hilo hulinganisha 3.5 na 9 na kudhani moja ni mwanasesere.

Tena kipenyo hicho ni cha juu ya kitanda. Juu ya kigari kinachobeba kisu, nafasi hupungua sana. Urefu kati ya ncha mbili nao hupungua ukishafunga chaki (kibanio chenye taya kinachoshika kazi kwenye spindeli) upande mmoja na keekee upande wa pili.

Kipimo ambacho wanunuzi husahau ni tundu la spindeli. Fimbo ndefu hupitishwa humo, na isipopita unalazimika kuikata vipande. Kwenye ML7 tundu ni inchi 19/32, kama milimita 15. Kwenye South Bend ya inchi 9 ni robo tatu ya inchi, kama milimita 19. Pima fimbo unazotumia kila siku kabla hujapenda mashine.

Jina la kiwanda lina umuhimu gani?

Lina umuhimu kwa sababu ya vipuri na vitabu vya maelekezo. Myford, zilizotengenezwa Beeston karibu na Nottingham, Uingereza, zina wapenzi wengi na sehemu zake bado hupatikana. Boxford zilianza kwa kufuata muundo wa South Bend ya inchi 9, kwa hiyo ukijua moja unaielewa nyingine. Atlas nyingi ziliuzwa kwa jina la Craftsman kupitia Sears huko Marekani. Colchester na Harrison ni mashine za karakana na vyuo, nzito na imara, na mara nyingi mota yake ni ya fezi tatu.

Hata hivyo jina halikerezi. Mashine isiyo na sifa iliyotunzwa na fundi mmoja kwa miaka 30 ni bora kuliko yenye jina kubwa iliyofundishia wanafunzi wanaogongesha kigari kwenye chaki kila muhula.

Nitajuaje kama kitanda kimelika?

Hapa chukua muda wako wote, na muuzaji akiharakisha, mwache aharakishe.

Futa kitanda kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kisha pitisha ukucha kwa kukingama juu ya reli, kwanza mwisho ule ambao kigari hakifiki, halafu karibu na chaki. Kazi nyingi hufanyika katika sentimita 20 au 30 za karibu na chaki, kwa hiyo hapo ndipo reli hulika. Ukucha ukikwama kwenye ukingo mdogo kando ya reli, ukingo huo ndio uso wa zamani wa kitanda, na bonde lililo pembeni yake ndilo lililokwisha. Kiukingo unachokihisi kidogo tu ni cha kawaida kwa mashine ya umri huo. Ukingo unaouona kwa macho ukiwa umesimama ni habari nyingine.

Kama kitanda kilikwanguliwa kwa mkono kiwandani, utaona madoa madoa yanayong'aa kama magamba ya samaki. Linganisha pande mbili. Yakiwepo upande wa mkia (sehemu inayoteleza mwisho mwingine wa kitanda, mkabala na kichwa) na yametoweka kabisa karibu na chaki, unajua chuma kimeondoka.

Kisha jaribu kigari. Kisogeze karibu na chaki, kaza skrubu za vibanio vyake mpaka kitembee bila kucheza lakini bila kukwama. Sasa kizungushe polepole kuelekea mkia. Kitanda kilicho sawa hukuacha utembee na uzito uleule mkononi. Kilicholika hukaza kadiri unavyokwenda, na pengine kigari kikagoma katikati ya njia. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akifanya jaribio hili akiwa amefumba macho, mkono mmoja tu kwenye gurudumu. Alikuwa akisema, "Hapa," na ukiweka filageji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) unakuta palepale aliposimama.

Vitanda vingine vimepigwa moto ili uso uwe mgumu. Hivyo huchelewa kulika, lakini vikiharibika havikwanguliki kwa mkono, vinahitaji kusagwa kwenye mashine kubwa. Gharama ya kazi hiyo, pamoja na kusafirisha kitanda, mara nyingi hupita thamani ya mashine.

Na kichwa nikikague vipi?

Funga kwenye chaki fimbo nene ya kama milimita 30, ikae nje kidogo. Weka saa ya kupimia ikigusa juu ya spindeli yenyewe karibu na chaki, kisha inua fimbo kwa ubao kama mtu anayetaka kuing'oa. Sindano ikisogea sehemu 1 au 2 za mia za milimita, sina wasiwasi. Ikisogea 5 au zaidi, uliza kama beringi zinarekebika. Za gololi au roli kwa kawaida hukazwa au hubadilishwa. Zile za bushi, kama kwenye ML7, zina vibati vyembamba vya kuondoa ili kupunguza nafasi, na vikishaisha kazi inakuwa kubwa.

Washa kwa kasi ya chini, kisha panda hadi ya juu, uiache izunguke dakika 10. Weka kiganja kwenye kichwa. Joto la vuguvugu ni sawa, joto la kukufanya uondoe mkono si sawa. Sikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye beringi na mpini sikioni. Mngurumo wa gia ni wa kawaida. Mlio wa tak, tak unaofuata mzunguko maana yake ni jino lililovunjika.

Kuhusu meno, angalia kwa makini gia kubwa ya kupunguza kasi. Kwenye mashine zenye nyuzi za skrubu kwenye pua ya spindeli, ambako chaki hufungwa kwa kuzungushwa, watu chaki ikikwama huziingiza gia za kupunguza kasi bila kuifungua pini ya gia kubwa, spindeli inajifunga, halafu wanapiga chaki kwa nyundo ifunguke. Nguvu yote huishia kwenye jino moja au mawili. Zungusha spindeli kwa mkono mzunguko mzima ukiwa na tochi, uhesabu meno. Jino lililojazwa kwa shaba na kuchongwa vizuri linaweza kufanya kazi miaka mingi. Pengo tupu ni sababu ya kupunguza bei sana.

Imepakwa rangi upya na inapendeza. Ni dalili nzuri?

Hapana, ni dalili ya rangi.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya kijivu inayong'aa, hata vishikio vimepigwa msasa. Muuzaji aliniambia amejitahidi kuirudisha kama mpya. Kila kazi niliyokereza ilitoka na mawimbi madogo, nami kwa wiki tatu nililaumu visu vyangu. Siku moja nikaona mafuta yakichuruzika kutoka mahali pasipo na kiungo, chini ya kifuniko cha beringi ya mbele. Niligusa kwa ncha ya kisu, na rangi ikabanduka pamoja na kipande cha pati (kijazio cha nyufa), laini kama sabuni iliyokauka. Chini yake kulikuwa na ufa unaopita kwenye chuma cha kichwa hadi karibu na bolti. Ilikuwa imeanguka zamani, ikajazwa pati na kufunikwa. Niliumia sana, si kwa pesa tu bali kwa sababu mtu alijua na akaninyamazia.

Kwa hiyo penda mashine yenye uchafu wa mafuta ya zamani. Grisi iliyoganda juu ya chuma imekilinda na haifichi kitu. Ukikuta rangi mpya, gonga kwa ufunguo mdogo kuzunguka kichwa, miguu na kigari. Chuma kizima hulia, pati hutoa sauti mfu. Na ukiamua kuondoa rangi ya zamani, usiisugue ikiwa kavu, maana nyingi za miaka hiyo zina risasi. Tumia dawa ya kuyeyushia, na uvae glavu.

Kuna kutu kitandani. Niachane nayo?

Kutu ya rangi ya machungwa inayotoka kwa mafuta na pamba ya chuma haina shida. Kutu iliyochimba vishimo vidogo karibu na chaki hainipendezi, ila vishimo vichache havizuii kigari kupita. Hata hushika mafuta. Kutu ndani ya kichwa au kwenye tundu la mkia ndiyo mbaya.

Slaidi zinacheza sana. Ni ubovu?

Mara chache. Ukigeuza gurudumu la slaidi upande mwingine, kutakuwa na nafasi tupu kabla kisu hakijasogea. Sehemu 10 hadi 20 za mia za milimita ni jambo la kuzoea: daima sogeza kisu ukielekea upande mmoja, nafasi hiyo haitakusumbua. Hata nusu mzunguko mzima mara nyingi ni nati ya shaba iliyolika, na nati hiyo hununuliwa au hukerezwa.

Skrubu kuu ndefu ya chini ni tofauti kidogo. Linganisha unene wa nyuzi zake karibu na chaki na zile za mwisho kabisa. Zikiwa nyembamba kama ncha ya kisu upande wa chaki, utapata shida ya kukata nyuzi ndefu kwa usahihi.

Mashine ni ya inchi. Nitaweza kukata nyuzi za milimita?

Utaweza, ukiwa na gia ya meno 127. Inchi ni milimita 25.4 kamili, kwa makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1959. Ukizidisha kwa 5 unapata 127, namba ndogo kuliko zote inayogeuza inchi kuwa milimita bila kosa lolote. Ndiyo maana gia hiyo kubwa, ikiwa imeunganishwa na nyingine kwenye mhimili mmoja, inatafutwa sana. Kuna michanganyiko ya gia ndogo inayokaribia, na kwa bolti fupi kosa lake halionekani.

Tahadhari moja: ukikata nyuzi za milimita kwa skrubu kuu ya inchi, usifungue nati yake ya kushika mpaka umalize. Ondoa kisu kwenye kazi, rudisha mashine nyuma kwa mota au kwa mkono, kisha endelea. Ukiifungua, kisu hakitarudi kwenye njia yake.

Kuhusu gia za kubadilisha kwa jumla, zihesabu zote mbele ya muuzaji. Seti isiyokamilika ni ya kawaida, nayo hugharimu kukamilisha.

Mota ni ya fezi tatu na nyumbani nina fezi moja. Nifanye nini?

Usiogope. Mashine hizi mara nyingi huuzwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo. Inveta ya kuendeshea mota huchukua fezi moja na kutoa tatu, tena inakupa kasi ya kupanda na kushuka kwa kitasa. Kwa mota hadi kilowati 2.2 zinapatikana kwa urahisi.

Soma kibati cha mota. Inveta ya kawaida haipandishi volti. Ikiwa umeme wako ni wa volti 220 hadi 240, mota lazima iweze kuunganishwa kwa delta kwa volti hizo (delta na nyota ni njia mbili za kuunganisha nyaya za mota). Kibati kikiandika 230/400, uko salama: fungua kisanduku cha nyaya, hamisha vibati kutoka nyota kwenda delta. Kikiandika 400 kwa delta, au nyota peke yake huku nyaya tatu tu zikitoka, kuna kazi ya kufungua mota au kuibadilisha.

Usiweke swichi ya zamani ya mashine kati ya inveta na mota. Swichi hiyo iunganishwe kwenye vituo vya amri vya inveta. Na kama pua ya spindeli ni ya nyuzi, usiipangie inveta isimamishe ghafla wala usikereze kwa kuzungusha nyuma. Chaki nzito huendelea kuzunguka wakati spindeli imesimama, ikajifungua yenyewe, na ikitoka haichagui inaangukia wapi. Kama huna uzoefu wa umeme, mwite fundi umeme kwa kazi hii.

Ni vifaa gani vinapaswa kuja pamoja na mashine?

Chaki ya taya tatu, chaki ya taya nne, sahani ya mbele, ncha mbili, kishika visu, keekee ya mkia, na kishikilizi cha kazi ndefu. Nikichagua kimoja kisichopatikana kirahisi baadaye, ni kishikilizi hicho, kwa sababu hutengenezwa kwa kitanda maalumu. Chaki ya taya tatu yenye taya za nje zilizopotea ni jambo la kawaida. Angalia namba zilizochapwa kwenye taya na kwenye mwili kama zinalingana. Mashine tupu ya bei ndogo inaweza kukugharimu mara mbili ukishaijazia vifaa.

Muuzaji anasema haiwezi kuwashwa kwa sasa.

Basi ni bei ya mashine isiyowaka. Vingine vyote vya kichwa na kitanda bado unaweza kuvikagua kwa mkono.

Niisafirisheje bila kuiharibu?

Mashine hizi ni nzito juu na nyembamba chini, na uzito umejaa upande wa kichwa. Hupinduka. Ondoa mkia, chaki na mota kwanza. Kila kilo unayotoa ni faida. Pitisha mkanda wa kunyanyulia chini ya kitanda karibu na kichwa, kisha sukuma kigari kuelekea mkia kama uzani wa kusawazisha mpaka ining'inie sawa. Mkanda usiguse kamwe skrubu kuu wala fimbo ya kulishia, maana zikipinda kidogo tu hazinyooki tena kwa usahihi. Winchi ya kunyanyulia injini za magari inatosha kwa nyingi za ukubwa wa nyumbani. Ardhini, ifunge kwa bolti kwenye boriti mbili za mbao pana kuliko miguu yake, uizungushe juu ya mabomba. Mtu asiweke mguu upande ambao inaweza kuangukia.

Baada ya kuifikisha, nianze na nini?

Usiiwashe kwanza. Toa mafuta ya kichwa uyapitishe kwenye kitambaa cheupe. Vumbi la kijivu ni la umri, vipande vinavyoonekana kwa jicho vinatoka mahali fulani na unapaswa kupajua. Zibua vijitundu vyote vya mafuta kwa waya mwembamba, maana vingi vilizibwa na grisi ya mtu aliyedhani anasaidia. Weka mafuta yanayotajwa kwenye kitabu cha mashine hiyo.

Kisha iweke isipinde. Kitanda si lazima kiwe sawa na maji, ila kisijikunje. Anza na pima maji nzuri kwa kukingama, upande wa kichwa na upande wa mkia, mpaka zote mbili zisome sawa. Halafu funga fimbo ya milimita 30 au 40 kwenye chaki, itoke milimita 150 bila kushikwa na mkia. Punguza katikati ili ubakize pete mbili, moja karibu na chaki na moja mwishoni, uzikereze zote kwa kisu kikali bila kugusa mpangilio wake, kwa mkato mwembamba. Pima kwa maikromita. Pete ya mwishoni ikiwa nene zaidi, inua kidogo mguu wa mbele upande wa mkia, kata tena. Ikiwa nyembamba zaidi, inua wa nyuma. Kosa dogo kama hili lisikufanye uilaumu mashine siku ya kununua: iliyokaa juu ya godoro la mbao gereji kwa mtu hukereza mshazari hata ikiwa nzima.

Na kabla ya mkato wa kwanza: miwani machoni, mikono mifupi au iliyofungwa, nywele zimebanwa, pete na saa mezani, bila glavu kabisa. Utepe wa chuma unaotoka kwenye kisu uvute kwa ndoano, si kwa vidole. Ufunguo wa chaki usiuache mkono wako mpaka umetoka kwenye chaki.